Ramani Niliyowachorea Watoto

Kila shati la kazini la sir, mwajiri wangu, lililotoka kwa dobi lilikuwa na kadibodi nyeupe ndani yake, iliyowekwa ili lisikunjike njiani. Katika nyumba nyingine za Mirdif, mtaa wetu wa Dubai, kadibodi hizo zilitupwa. Mimi nilizitunza. Kabla ya kwenda Dubai nilifundisha chekechea miaka minne huko Njombe, na mwalimu wa chekechea haoni kadibodi safi ikitupwa akanyamaza. Nilizipanga nyuma ya mashine ya kufulia, na alasiri, kazi zikipungua, nilichora juu yake chochote nilichotaka kuwaeleza watoto wawili niliokuwa nikiwalea, binti wa miaka minane na mdogo wake wa miaka mitatu. Tulichora moyo unavyosukuma damu. Tulichora kwa nini ndege zinazopita juu ya paa letu hushusha magurudumu kabla ya kuuona uwanja. Moja ya kadibodi hizo ilinichelewesha kufika kwetu kwa miezi mitano.

Nieleze kwanza jinsi likizo ilivyokwenda katika nyumba ile, maana bila hilo hutaelewa kilichogombaniwa. Tulikuwa wafanyakazi wawili wa ndani. Mimi nililea watoto. Mwenzangu alipika, akafua na kupiga pasi. Kila mmoja alikuwa na haki ya kwenda kwao miezi miwili kila baada ya miaka miwili, lakini madam, mke wa sir, hakutaka tuondoke pamoja, kwa hiyo tulikuwa kwenye foleni, mmoja nyuma ya mwingine. Zamu yangu ilifika mwezi wa nne. Mama yake sir akaja kutoka Beirut kutibiwa macho, madam akaniomba nisubiri, nikasubiri.

"Tukirudi tu kutoka safari ya Ufaransa," aliniambia, "mwezi wa tisa unakwenda kwenu. Khalas, basi."

Mwenzangu angefuata mwezi wa kumi na mbili.

Kwetu nilikuwa na binti niliyemwacha kwa mama yangu akiwa na miaka mitatu. Sasa alikuwa na sita. Aliyemwita mama ni bibi yake. Mimi alinipa jina la Mama wa Simu. Tulipozungumza kwa simu ya picha aliniona kuanzia kifuani kwenda juu, na siku moja nilimsikia akimuuliza bibi yake, "Mama wa Simu ana miguu?" Mama alicheka hadi akaiweka simu chini. Nilivua kandambili, nikapiga picha ya miguu yangu juu ya vigae vya jikoni, nikaituma. Jibu lake likaja kwa sauti: hiyo ni miguu ya mtu tu. Nikamwahidi kwamba mwezi wa tisa nitaileta aishike mwenyewe. Jino lake la mbele lilikuwa limeanza kucheza, naye akaahidi kutolisukuma kwa ulimi mpaka nifike.

Mwenzangu alijua habari hizi zote. Ndiye niliyemwonyesha ile picha ya miguu kabla sijaituma. Alikuwa Mganda wa Masaka, mkubwa kwangu kwa zaidi ya miaka kumi. Kiswahili alikiokota kambini, alikokuwa akiishi na marehemu mumewe aliyekuwa askari. Nilimwita dada. Yeye aliniita mwalimu, kwanza kwa utani, baadaye kwa haki, kwa sababu shule aliiacha mapema mno na mimi ndiye niliyemfundisha kuandika, mezani jikoni, tukianzia orodha za sokoni alizomwandikia madam kwa Kiingereza. Herufi a ilimshinda kwa wiki nyingi. Duara alilichora vizuri, lakini kile kijiti cha kando alikiweka mbali, kama kijiko kilichoachwa pembeni ya sahani. Hatimaye nikamwambia aiache hivyo, inasomeka. Siku alipoandika barua ya kwanza kwa binti yake bila kuniuliza kitu, nilimpikia chapati.

Madam alikuwa amesoma Ufaransa alipokuwa msichana, na kiangazi kile alitaka watoto waione kusini yake. Tungepanga nyumba wiki mbili, na siku moja tungekwenda kutembelea mji wa kale wenye kuta, uliojengwa enzi za mashujaa wa farasi na pinde. Binti mkubwa alileta kitabu cha ngome kutoka maktaba ya shule, akanitaka nimweleze. Basi nikatoa kadibodi, nikachora: ukuta wa ndani, ukuta wa nje, minara yenye vilele kama kofia za kuchongoka, lango kubwa upande mmoja na lango dogo upande mwingine. Mwenzangu alikuwa akipiga pasi karibu yangu.

"Hii ni mji?" akauliza. "Ama ni zizi?"

"Mji, dada. Walijenga ukuta, wakaona hautoshi, wakajenga mwingine nje yake."

"Nani alikuwa anawatisha hivyo?"

"Majirani."

"Hapo nawaelewa. Na hii kidogo ya pembeni?"

"Mlango wa siri." Nikamweleza, polepole, kama ninavyoeleza kila kitu. Adui akiuzingira mji, malango makubwa hufungwa. Ndipo mtu mmoja hupenya mlango mwembamba uliofichwa kwenye kona ya ukuta, akachota maji au akapeleka ujumbe. Kwa kuwa mtoto hakumbuki mlango usio na mtu, nilichora mwanamke mwenye mtungi kichwani akitoka, na mshale wa kuonyesha aendako. Binti mkubwa wakati ule alikuwa akikusanya maneno ya Kiswahili kama wengine wanavyokusanya stika, kwa hiyo chini yake nikaandika: Hapa mwanamke anatoka, walinzi hawamwoni.

"Hawamwoni kabisa?" mwenzangu akauliza.

"Kabisa."

"Mwalimu, wewe unajua kueleza." Aligeuza shati upande wa pili. "Mtu anaona kama yeye mwenyewe yuko pale."

Sifa ile ilinipendeza. Nilimwongezea mnara mmoja.

Ijumaa iliyofuata, siku yetu ya mapumziko, tulitoka kanisani tukaenda Satwa, mtaa wa mafundi cherehani, pamoja na Wakenya wawili tuliozoeana nao, walinzi wa duka kubwa. Mwenzangu alitaka kushonewa gomesi, lile vazi refu la akina mama wa Uganda lenye mabega yaliyochongoka na mkanda mpana kiunoni. Binti yake alikuwa ameposwa. Upande wa mwanamume ungekuja nyumbani kujitambulisha rasmi, sherehe wanayoiita kwanjula, na mama wa binti hukaa mbele akiwa amevaa hivyo, aonekane na wote.

"Mama akikosekana," alitueleza, "watu wanasema huyu msichana waliokota kwa barabara."

"Ni lini?" nikauliza.

"Wataisogeza. Mpaka likizo yangu, inshallah."

Fundi, mzee wa Kihindi, hakuwa amewahi kuona gomesi. Alishika kitambaa na kututazama. Mimi ndiye niliyetoa kipande cha kadibodi mkobani nikamchorea mabega yale, sehemu ya vifungo, na mkanda unavyozungushwa. Akaelewa. Akapima, na siku ileile akakata.

Tukiwa tunasubiri, wale Wakenya walinianza.

"Mrembo, sasa si unaenda Ulaya? Ukirudi huku sisi hatukujui."

"Unatembea tu pole pole," mwenzake akasema, "unaingia kwa duka moja, unatokea mlango wa nyuma, kwisha. Wewe ni Mfaransa."

"Akirudi ni mjinga, ama?"

Huo ndio ulikuwa utani wa kawaida kila mmoja wetu alipopata viza ya huko. Nami nilijibu kwa ukweli, na mwenzangu alikuwa amesimama karibu yangu kiasi cha kunigusa bega. Nilisema, "Mimi nina mtoto anayeulizia miguu yangu. Nitakwenda wapi?"

Wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa akimtazama fundi.

Laiti ningekuwa msikilizaji kama nilivyo msemaji. Nguo ya mwezi wa kumi na mbili haikatwi mwezi wa saba.

Tulisafiri mwanzoni mwa mwezi wa nane, mwenzangu akabaki kutunza nyumba. Kwenye uwanja wa ndege madam alinipa pasipoti kwenye dirisha la uhamiaji, na hatua mbili baada ya dirisha akanyoosha mkono kuichukua. Hilo lilikuwa jambo la kawaida. Pasipoti zetu zilikaa siku zote kwenye droo ya chumba chake. Lakini kule Ufaransa mambo madogo yalianza kubadilika. Nikienda kutupa taka, sir alitoka kuvuta sigara. Nikitandaza nguo uani, madam alikuja kutandaza nami, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilidhani labda likizo inawafanya wawe watu wa kusaidia. Hata nilifurahi.

Siku ya kwenda kwenye mji wenye kuta tuliondoka asubuhi kwa gari la kukodi. Mji ulionekana kutoka mbali, juu ya kilima, na binti mkubwa akaanza kuhesabu minara mpaka ikamchanganya. Nilikuwa na furaha ya mwalimu anayeona somo lake limesimama kwa mawe. Tuliposhuka, madam akasema niache mkoba garini.

"Na simu nipe mimi. Nitapiga picha za watoto."

"Madam, simu yako ndiyo yenye picha nzuri."

"Nipe tu."

Nikampa. Kisha akatoa kamba ya mdogo, ile yenye mkanda wa mkono kila upande, ambayo mtoto alikuwa ameacha kuivaa tangu mwaka uliopita. Upande mmoja akamvika mtoto. Wa pili akanivika mimi, akaubana yeye mwenyewe, akajaribu kuuvuta.

"Watu ni wengi," alisema. "Sitaki umpoteze."

Tuliingia kwa lango kubwa, tukapita juu ya daraja la mbao. Ndani njia zilikuwa nyembamba na zimejaa wageni, watoto wenye panga za mbao, maduka ya sabuni na biskuti, joto kama la Dubai ila lenye upepo. Sir alisema amechoka, akakaa kwenye kiti cha mgahawa kinachotazama lango, akaagiza kahawa. Alikaa hapo, na kila nilipogeuka nilimkuta akinitazama mimi, si watoto.

Tulipofika karibu na ukuta, binti mkubwa akanivuta. "Dada, mlango wa siri." Watoto wote wawili waliniita Dada, nilikuwa nimewafundisha hivyo. "Uliahidi."

Madam alikuwa ndani ya duka akilipia kofia. Nikaona si kitu, ni hatua chache tu. Tukashika njia iliyofuata ukuta, sisi watatu, mdogo akining'inia kwenye kamba. Hatukufika kona. Nilisikia viatu vikikimbia juu ya mawe, na sir akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu ambayo sikuijua kwake. Nyuma yake alikuja madam.

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye mlango mdogo, madam. Wa siri. Niliwaahidi..."

"Mlango wa siri naujua," alisema.

Akafungua mkoba wake akatoa kadibodi yangu. Minara yangu, kuta zangu mbili, mwanamke wangu na mtungi wake. Madam hajui Kiswahili, lakini hakuhitaji kukijua. Chini ya maneno yangu, kwa penseli, mtu alikuwa ameandika tafsiri yake kwa Kiingereza: kwamba hapa mwanamke anatoka, walinzi hawamwoni. Kila herufi a ilikuwa duara, na kijiti chake kando, mbali kidogo.

Watu walitupita wakinunua aiskrimu. Nilisoma yale maneno mara mbili. Niliijua hata penseli yenyewe, ile ya daftari la sokoni, tuliyoifunga kwa uzi kwenye mpini wa friji.

Nikaanza kueleza, kwa sababu sijui kufanya kitu kingine. Nilieleza kitabu, kadibodi, mtungi. Maneno yangu yalivyokuwa yakipangika vizuri ndivyo uso wa madam ulivyozidi kufungika, kama vile ufasaha wenyewe ulikuwa ushahidi. Aliyeniokoa ni binti mkubwa.

"Mama, huyo anakwenda kuchota maji," alisema. "Ni hadithi yetu. Anarudi. Kila mara anarudi."

Sir aliniachia mkono. Madam aliikunja kadibodi katikati, akairudisha mkobani. "Yalla," alisema, "twende wote tukauone huo mlango." Kamba hakuifungua.

Tulikwenda wote watano, sir akiwa nyuma yangu. Mlango ulikuwepo, mwembamba, chini kwenye kona, kama kitabu kilivyosema. Ulizibwa kwa nondo. Nikainama nione ng'ambo, kwa kuwa binti alitaka kujua mwanamke wetu alitokea wapi. Ng'ambo palikuwa na majani makavu, na baada ya majani, ukuta wa pili. Kitabu kilisema kuta ni mbili, nami nilizichora mbili, na bado sikuwahi kufikiri kwamba anayetoka kwa mlango ule anajikuta katikati ya kuta.

"Kwa hiyo alikwama?" binti aliuliza.

"Kulikuwa na mlango mwingine mbele," nilimwambia. Sikuwa na hakika.

Jioni ile, mezani, madam alinieleza yaliyobaki, kwa Kiingereza cha upole, akinimenyea tunda. Wiki moja kabla ya safari mwenzangu alimpelekea kadibodi, akamwambia kwamba nimeamua kutorudi, na kwamba Ijumaa ile Satwa tulilipanga jambo hilo. Madam hakuweza kuniacha, kwa kuwa watoto walinihitaji na viza ilikuwa na jina langu. Lakini mwaminifu alistahili kitu. Mwezi wa tisa alipewa yeye. Tiketi ilikuwa imeshakatwa.

"Na mimi, madam?"

"Mwenzako atarudi mwezi wa kumi na moja. Halafu kuna sikukuu na wageni, nitawahitaji wote wawili. Mwezi wa pili, inshallah." Akasukuma kisahani kwangu. "Nimeona kwamba hukukimbia. Nimeliona hilo."

Alisema kama anayenishukuru.

Tuliporudi Mirdif, mwenzangu alikuwa ametupikia. Alinibebea begi hadi chumbani kwetu, akauliza kama Ufaransa kuna baridi. Nilisubiri mpaka siku ya pili, watoto wakiwa wamelala mchana, nikamfuata mezani pa pasi.

"Dada, ile kadibodi."

Hakujifanya haelewi. Kwa hilo namheshimu hadi leo. Aliisimamisha pasi.

"Wewe mwenyewe uliandika," alisema. "Mimi nilisoma tu. Vile ulinifundisha."

"Ulijua ni ya watoto. Ulikuwa umesimama hapa."

"Nilijua."

"Na Satwa ulinisikia nikisema nina mtoto."

"Nilikusikia, nyabo," alisema, akiniita bibi kwa lugha ya kwao. "Hata mimi niko na mtoto." Alikunja shati, akalikunjua tena. "Walikataa kusogeza siku. Wazee wa upande ule walisema mwezi wa tisa ama waende kwa msichana mwingine. Nilipiga simu mpaka nikachoka. Yule wako ni mdogo, atakusubiri. Wangu anaolewa mara moja."

"Ungeniomba zamu yangu."

"Ungenipa?"

Jibu la swali hilo nimelitafuta mara nyingi tangu hapo. Siku nyingine naona ningempa, ningelia usiku mmoja kisha nikampa. Siku nyingine nasikia lile swali la miguu, na sioni kama ningempa. Lakini aliniondolea hata nafasi ya kujua mimi ni mtu wa namna gani, na hilo ndilo lililoniuma kuliko miezi yenyewe.

"Sasa hutajua," nilimwambia. "Wala mimi sitajua."

Aliendelea kupiga pasi. Nilimpigia mama simu, nikamweleza kuwa mambo yamesogea. Mtoto akaja kwenye simu akiwa amefumba mdomo, kulinda jino.

Siku ya safari yake mwenzangu alikuja na ile gomesi mikononi. Ilikuwa ya rangi ya machungwa yaliyoiva, na mabega yalisimama vile nilivyoyachora. Mkanda ndio uliomshinda kuukunja ukaingia begini bila kuharibika. Alisimama mlangoni bila kuomba. Nikamwonyesha: unauzungusha kwanza kwenye kadibodi, ndipo unaulaza. Nilitoa moja nyuma ya mashine ya kufulia, safi, isiyoandikwa kitu. Wasichana wanaosoma haya na kujiandaa kwenda kazi za mbali huenda wakanilaumu kwa hilo. Sikumsamehe siku ile. Ni kwamba mkanda ungekunjamana mbele ya wakwe, na mimi nilijua namna ya kuuzuia.

Alirudi mwezi wa kumi na moja na chupa ya siagi ya karanga aliyonisagia mama yake. Niliiweka rafuni. Sikuifungua, wala sikuitupa. Tulifanya kazi vizuri pamoja, tukasalimiana asubuhi, tukasaidiana sufuria nzito. Kitu kimoja tu kilikoma. Hakuniuliza tena neno linaandikwaje, nami sikumwendea kumsahihisha.

Mwezi wa pili madam alifungua droo kunipa pasipoti. Kadibodi ilikuwa chini yake, imekunjwa katikati bado. "Hii pia ni yako," alisema, na akaonekana kutaka kuongeza neno, lakini simu yake iliita.

Njombe ilikuwa na mvua. Binti yangu alisimama nyuma ya bibi yake, akanitazama kuanzia chini.

"Vua viatu," alisema.

Nikavua, pale pale mlangoni, na soksi pia. Alichuchumaa akanishika kidole gumba, akakitikisa kama anayejaribu kama kimefungwa sawasawa. Kisha akainua uso na kucheka, na nikaliona jino. Lilikuwa jipya, kubwa, na lilikuwa limeshafika chini usawa wa mengine. Pengo lenyewe nililiona kwenye simu tu.